Ubao wa Narendra

"Zambia wameshusha! Jamani, Wazambia wameshusha bei!"

Aliyekuwa akipiga kelele ni Modest, dereva wa bajaji, amesimama juu ya kiti cha bajaji yake ili aone vizuri. Mbele ya sheli ya Narendra, pale njia ya Urambo, watu walikuwa wamejazana utadhani kuna nyama ya bure. Ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri. Kesho yake ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila mwenye chombo cha moto nchi hii anajua maana ya Jumatano hiyo: bei mpya ya mafuta inatoka, na ukilala na tangi tupu utajijua mwenyewe.

Ila watu hawakufuata pampu tu. Walikuja kusoma ubao. Narendra alikuwa na ubao mweusi, ule wa darasani hasa, ameutundika ukutani karibu na dirisha la kulipia. Kila mwisho wa mwezi aliufuta na kuuandika upya kwa chaki: nchi, bei ya lita moja kwa shilingi zetu, na ndani ya bei hiyo serikali yao inachukua kiasi gani. Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Zambia. Burundi aliiandikia bei, halafu pembeni akaongeza "kama yapo". Chini kabisa, kwa kunogesha tu, aliiweka Libya, ambako lita moja haifiki hata bei ya kiberiti. Aliuanzisha ubao huo mwaka ule bei ilipopaa na watu wakamwita mwizi mchana kweupe. Akaona bora kila mtu ajionee pesa inakokwenda. Haikumsaidia sana. Watu wa Tabora waliupenda ubao kama wanavyopenda msimamo wa ligi, na mwizi waliendelea kumwita.

Na kwenye ligi hiyo mchambuzi mkuu alikuwa Selemani.

"Mpisheni Waziri! Waziri apite atufafanulie!"

Selemani naye ni dereva wa bajaji, mtu wa mtaa wa Ng'ambo, mrefu, mwenye kofia ya kiua aliyoshona mkewe. Jina la Waziri alipewa kijiweni kwa sababu alikuwa anajua tozo za barabara za nchi zote za jirani kuliko anavyojua umri wa shemeji zake. Akapita katikati ya watu polepole, kama mtu anayekwenda kukata utepe. Akausoma ubao. Akakohoa.

"Zambia wameshusha kwa nini?" akauliza.

"Tuambie wewe!"

"Serikali yao imepunguza kodi. Imewahurumia. Sasa nawauliza, wewe Modest tangu uzaliwe umeshaona kodi ya mafuta inapungua hapa?"

"Sijaona, Waziri."

"Hujaona na hutaona! Njia hii mnayoiona hapa, wapagazi wakitoka Bagamoyo na mizigo kichwani walitozwa hongo, ushuru wa kupita, kwa kila mtemi mpaka wanafika hapa Unyanyembe, na wakitoka hapa kwenda Ujiji wanatozwa tena. Barabara imezoea kutoza watu. Mimi nawaambia, kesho inapanda. Mia tatu kwa lita, kama si zaidi."

Weee! Kelele zilizopigwa hapo zilisikika mpaka stesheni. Foleni ya pampu ikaongezeka papo hapo, mwenye pikipiki akamsukuma mwenye gari la Noah, mwenye Noah akatukana.

Sasa ukweli ni kwamba Selemani hakutakiwa kuwa pale. Alitakiwa kuwa benki. Ndani ya mfuko wa shati lake kulikuwa na shilingi laki sita, ada ya binti yake Ummy, aliyepata nafasi chuo cha uuguzi. Mwisho wa kulipa ni kesho hiyo hiyo Jumatano, saa kumi jioni. Baada ya hapo nafasi anapewa mwingine, na wanaosubiri ni wengi. Fedha yote ilikuwa ya mkewe, Mwanajuma, ya vitumbua na ya kikoba. Asubuhi aliifungua kutoka pembe ya khanga akamkabidhi, akamwambia, "Moja kwa moja benki, baba Ummy. Usipite kijiweni, nakujua." Selemani akacheka, lakini roho ilimuuma. Mtoto wa kwanza katika ukoo wao anakwenda chuo, na yeye baba mtu hajachangia hata soksi.

Ndiyo maana, alipokuwa akiwatangazia watu ile mia tatu, kichwa chake kilikuwa kinapiga hesabu nyingine. Akinunua mafuta ya laki sita leo, kesho asubuhi anayauza kwa bei mpya, anapata laki sita yake na ziada juu. Ziada hiyo ni sare za Ummy, viatu, na nauli. Ada analipa saa nne asubuhi, na Mwanajuma anarudishiwa mume aliyemwoa.

"Mimi nachukua madumu tisa!" akasema kwa sauti. "Kesho asubuhi wasiopata leo waje kwangu Ng'ambo. Nitawauzia chini ya bei ya sheli."

"Niwekee lita kumi, Waziri!" Modest akadakia. "Foleni hii siiwezi."

"Na mimi!"

"Na mimi ishirini!"

Narendra alisikia makelele akatoka ofisini. Ni mzee mfupi, mzaliwa wa Tabora, suruali yake imefungwa juu ya kitovu, chaki bado iko sikioni. Alimsogelea Selemani akamwambia kwa utaratibu, kwa Kiswahili chake cha Tabora kisicho na kasoro:

"Selemani, ngoja kesho. Weka lita mbili za kurudi nyumbani, nyingine njoo asubuhi. Itashuka."

"Ishuke?"

"Itashuka. Soma ubao. Zambia bei imeshuka, lakini kodi yao ni ile ile ya mwezi uliopita, tazama. Kenya pia, bei chini, kodi ile ile. Mafuta yenyewe yameshuka huko yanakotoka. Na yetu yanatoka huko huko."

Kama Selemani angegeuka akausoma tena ubao, hadithi hii isingekuwepo. Lakini watu walikuwa wanamwangalia, na madumu ameshayatangaza.

"Mmemsikia?" akawageukia. "Tangi lake limejaa, lori limeshusha jana, nimeliona kwa macho yangu. Anataka tusinunue leo ili kesho atukamue vizuri! Mzee Narendra, huo ni wizi. Wewe ni mwizi, tena mwizi msomi!"

Watu wakaangua kicheko. "Fungua pampu! Uza!" Mmoja akaanza kupiga honi, wote wakafuata. Sheria inasema mwenye mafuta asikatae kuuza, na kumlazimisha mtu aamini haipo kwenye sheria yoyote. Narendra akamwashiria Bertila, msichana wa pampu, awahudumie, akarudi ndani.

Ndani mkewe Manjula alikuwa amekaa chini ya feni anachambua choroko.

"Baba Hetvi, waache wanunue," alisema bila kuinua macho. "Tangi zima umelinunua kwa bei ya juu. Kesho ikishuka hasara ni yetu. Leo wanakuokoa, wewe unawafukuza?"

"Wananiokoa kwa kuniita mwizi."

"Basi. Umeitwa bure mara ngapi? Leo angalau umelipwa."

Nje Bertila alikuwa akijaza dumu la nane la Selemani.

* * *

"Hiyo harufu ni ya nini?"

Mwanajuma alitoka jikoni na mwiko mkononi. Ilikuwa magharibi inakaribia, unga wa vitumbua vya kesho umeshaumuka kwenye beseni, jiko la mkaa limeanza kushika moto. Uani Selemani na bajaji yake, na ndani ya bajaji madumu tisa ya njano yamebanana kama abiria.

"Zima jiko, mama Ummy! Zima haraka!"

"Nizime jiko nikaange na nini, na jua?"

"Petroli hii! Unataka tuungue sote?"

Akamwaga maji kwenye mkaa mwenyewe, moshi ukajaa uani. Mwanajuma akamtazama, akayatazama madumu, akamtazama tena. Hakuhitaji kuelezwa.

"Umekwenda benki?"

"Nisikilize kwanza..."

"Nimeuliza umekwenda benki, baba Ummy. Ndiyo au hapana."

"Kesho saa nne asubuhi nakwenda, tena na ziada. Zambia wameshusha kwa sababu..."

"Ummy anakwenda kusoma Zambia?"

Ummy alikuwa mlangoni anasikia yote. Tangu majina ya waliochaguliwa yatoke alikuwa akilala na barua ya chuo chini ya mto. Hakulia. Alisema tu, "Shikamoo, baba," kama mtu anayekumbuka adabu kwenye ajali, akaenda kumsaidia mama yake kubeba beseni.

Maana unga ukishaumuka haungoji. Ilibidi wapeleke beseni, mafuta na chuma cha vitumbua kwa jirani, Najiat, waombe jiko. Najiat aliwapa, lakini alipiga kelele za kusikika mtaa mzima: "Karibuni! Kwangu hakuna sheli!" Jioni hiyo nyumba ya Selemani haikupika. Walikula ugali wa kwa watu, kwenye sahani za watu, na taa hawakuwasha karibu na madumu.

Hata hivyo simu ya Selemani haikutulia. Modest alipiga kukumbusha lita zake kumi. Wengine wakapiga kuongeza. Kila simu aliipokea kwa sauti ya juu ili Mwanajuma asikie, na mwisho hata Mwanajuma akaanza kulainika. Aliuliza, ameangalia pembeni, "Hiyo mia tatu una hakika nayo?"

"Mia kwa mia! Mke wangu, kesho utanicheka mwenyewe kwa furaha."

* * *

Asubuhi mji uliamshwa na honi.

Si honi za msiba, ni zile za harusi. Pi-pi-pi-piii mtaa mzima, vijana wa bodaboda wanapita wamesimama juu ya pikipiki, mmoja amefunga khanga kichwani. "Imeshuka! Mia mbili! Imeshuka mia mbili!" Redio ya Najiat ilifunguliwa mpaka mwisho. Mwenye duka akatoka nje na mswaki mdomoni anacheka. Siku kama hizo ni chache, mtu mnyonge anaamka anakuta kitu kimepungua bei bila kuomba. Tabora yote ilifurahi.

Katika nyumba moja tu ya Ng'ambo hakukuwa na aliyecheka. Selemani alikaa kwenye kigoda uani, mbele ya madumu yake, kofia mkononi.

Alimpigia Modest. Simu iliita mpaka ikakata. Akampigia wa lita ishirini, naye akasema, "Waziri, nipo sheli hapa, foleni inakwenda vizuri sana leo, asante." Bajaji tatu zikapita nje ya ua, na kila moja ikapiga honi, na kila dereva akatoa kichwa: "Waziri! Vipi Zambia?"

Mwanajuma alikuja akasimama mbele yake. Selemani alisubiri matusi. Angefurahi kama angetukanwa.

"Vaa kofia," akasema Mwanajuma. "Washa bajaji. Tunakwenda kwa Narendra, mimi, wewe na huyu mtoto."

"Nikamwambie nini, mama Ummy?"

"Ulimwita mwizi mbele ya watu. Anza na hilo. Mengine nitasema mimi."

Wakakaa watu watatu mbele kwenye kiti cha mmoja, madumu nyuma, na safari ya dakika chache ikawa ndefu kuliko ya Ujiji.

* * *

Sheli ilikuwa imefurika kuliko jana. Bajaji ya Selemani ilipoingia watu wakashangilia, vigelegele na miluzi. "Waziri wa Nishati huyo! Amekuja na hifadhi ya taifa!" Modest alikuwa wa tatu kwenye foleni, akajifanya anakagua tairi.

Selemani alishuka. Akaenda mpaka dirishani, Narendra akatoka, na watu wakasogea ili wasikose neno.

"Mzee Narendra, shikamoo."

"Marahaba."

"Jana nilikuita mwizi mbele ya watu hawa. Ulikuwa unanisaidia. Nakuomba radhi mbele ya hawa hawa." Akayaonyesha madumu kwenye bajaji. "Na madumu yangu... kama unaweza kuyachukua. Kwa bei ya leo. Ni ada ya mtoto, mwisho saa kumi."

Narendra alitikisa kichwa. "Radhi nimekupa. Mafuta siwezi. Yakishatoka hayarudi tangini, nikikamatwa nafungiwa, na watakuwa na haki."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Ummy aliinamisha uso, ushungi ukamfunika nusu. Hapo ndipo Selemani alipoona amemfanyia nini mtoto wake, na machozi yakamlengalenga mbele ya kijiwe kizima.

Narendra aliangalia foleni yake, akaangalia madumu, akamwangalia yule msichana. Halafu akachukua chaki sikioni. Akauendea ubao, akaifuta Libya kwa kiganja cha mkono.

"Ee! Libya imekosa nini?" mtu akauliza.

Narendra akaandika taratibu, kwa herufi kubwa: SELEMANI, NG'AMBO. Kwenye safu ya bei akaandika bei mpya, ile ile ya pampu yake.

Kicheko kilicholipuka hapo kiliwafanya kunguru waruke kwenye paa. "Ameshakuwa nchi! Selemani ni nchi jamani!" Watu wakashikana mabega. Hata Bertila aliacha pampu akajishika mbavu. Narendra alisubiri wachoke, chaki ikiwa kwenye safu ya mwisho.

"Na kodi?" akauliza. "Kila nchi hapa ina kodi yake. Nchi yako inatoza ngapi?"

Selemani akamwangalia mkewe. Mwanajuma akamsogeza pembeni kwa kiwiko.

"Mia mbili kwa lita," akasema.

"Ya nini, mama?"

"Ada ya Ummy, huyu hapa." Akamvuta binti yake mbele kwa mkono. "Inalipwa benki leo kabla ya saa kumi. Asiyeamini afuatane nasi akahakikishe. Ni ya hiari. Asiyeitaka, pampu ile pale, hatumnunii."

Narendra akaandika: 200. Na pembeni, kwa herufi ndogo, ada ya Ummy.

Watu wakausoma mstari ule kama walivyosoma ya Kenya na Malawi. Mzee mmoja wa pikipiki aliusoma kwa sauti, akarudia. Modest akaacha tairi lake. Aliona watu wote wanaanza kumtazama yeye, maana kila mtu alisikia jana aliagiza lita kumi.

"Bei pamoja na kodi," akasema polepole, akihesabu, "inakuwa ile ile ya jana."

"Ile ile," akajibu Mwanajuma.

"Ambayo jana ningelipa bila kuuliza." Akajikuna kichwa. "Jamani, mimi nalipa kodi ya mafuta tangu nianze kuendesha chombo. Naambiwa ya barabara, naambiwa ya umeme, naambiwa ya reli, sijui inakwenda wapi. Hii ya leo naiona kwa macho, imevaa ushungi." Akachomoa bajaji yake kwenye foleni. "Waziri, nipimie zangu kumi!"

"Na zangu ishirini!" akapiga kelele mwingine, aibu na kicheko vikiwa pamoja.

"Ng'ambo ya barabara!" Narendra akapaza sauti. "Siyo kwenye pampu zangu! Na mwenye sigara aitupe huko huko kwao!"

Wakavuka wote, bajaji, pikipiki, Noah mbili zinazokwenda Sikonge. Selemani anapima, Ummy anashika mrija, Mwanajuma anapokea fedha. "Bei hiyo, na kodi je?" "Kodi hii hapa, mama." Mmoja akalipa bei akasahau kodi, foleni nzima ikamzomea mpaka akarudi. Dumu la mwisho lilipoisha, Mwanajuma alihesabu mara mbili, akabana midomo. Elfu sita zilikosekana. Alimtazama mumewe.

"Kahawa," Selemani akanong'ona. "Jana niliwanunulia watu kahawa."

Kabla Mwanajuma hajasema alilotaka kusema, Manjula alikuwa amevuka barabara, sari ameishika isiburuze vumbi. Watu wakampisha, haikuwa kawaida kumwona nje.

"Mimi sina gari," alisema. "Nikilipa kodi bila kununua mafuta mnakubali?" Akaweka noti ya elfu kumi mkononi mwa Ummy, akaikunjia vidole vyake. "Jana mmetuokoa na hasara kwa nguvu, mume wangu akikataa. Chenji nunua kalamu."

Ummy alisema asante, akasema tena, na mara hii akalia, hakujificha.

Saa sita ilikuwa haijafika. Bajaji ya Selemani, nyepesi sasa, iliwaka kwa mkupuo mmoja. Selemani usukani, Mwanajuma amekumbatia kibeti kwa mikono yote miwili, Ummy pembeni na barua yake. "Moja kwa moja benki," akasema Mwanajuma. "Ukikata kona nashuka na usukani." Watu wakapiga honi kuwasindikiza, za harusi tena.

"Ummy!" Modest akapiga kelele, amesimama tena juu ya kiti. "Siku nikiletwa hospitali nimevunjika mguu, usiniweke foleni! Mimi ni mlipa kodi!"

Ummy akatoa kichwa nje, macho bado mekundu.

"Risiti unayo?"

Modest akajipapasa mifuko yote, na foleni nzima ikamcheka.